Serikali Yaja Kumposa Bi Mwanakuu

Bi Mwanakuu wa mtaa wa Kuze alikuwa na miguu miwili kama watu wote, ila wa kumfaa hakuwa nao hata mmoja. Magoti yalimkatalia mwaka wa pili wa Uhuru, yakavimba, yakakaza, na kutoka kitandani mpaka jikoni ikawa safari ya kuombewa dua. Mikono lakini ilikuwa ya msichana. Alishona kofia za viua tangu hajavunja ungo, na hata sasa mtu akivaa kofia yake Ijumaa, wenziwe safuni humwuliza kashonewa na nani. Ulimi nao ulikuwa mzima, na huo ndio uliomletea haya ninayokusimulia.

Maana ulimi wataka mtu wa kuusikiliza, na mtu wake alikuwa Tumu, mke mwenziwe. Marehemu Fundi Kamaludin, mchonga milango, Mungu amrehemu, aliwaoa wote wawili akawaweka nyumba moja, jambo ambalo mwanamume mwenye akili timamu halijaribu. Akafa akawaachia nyumba ya wakfu ya kupanga, na ugomvi ambao haujesha. Jirani walidhani eda ikimalizika kila mmoja atashika njia yake. Wapi! Walikaa pale pale wakagombana kuhusu chumvi, kuhusu paka, kuhusu nani kati yao marehemu alimpenda zaidi. Magoti ya Mwanakuu yalipokufa, Tumu ndiye aliyekwenda bombani na sokoni, akirudi analalamika tangu kona ya madrasa, na Mwanakuu akipika ameketi, akimjibu.

Kisha Tumu naye akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea kama utambi. Akapelekwa hospitali. Wiki ile walikuwa wamenuniana, sababu ni bilauri iliyovunjika, na kila mmoja alimwona mwenziwe ndiye wa kuanza kuomba radhi. Mwanakuu akangoja aletwe nyumbani. Hakuletwa. Watu wakasikia tu kwamba Serikali imemchukua kutoka hospitali moja kwa moja, imemweka katika Nyumba ya Wazee, kule mbele ya Buxton, bure bilashi, kula na kulala.

Siku ya Idi jirani yake Mahfudha alimpakia kwenye teksi wakaenda kumtazama. Walimkuta Tumu juu ya kitanda cha springi, shuka nyeupe, muuguzi anamletea chai. Tumu alimwambia kwamba alipo ni raha mustarehe, hakuna wa kumpigia kelele. Mwanakuu akamjibu kwamba hata yeye nyumba imempoa, masikio yamepumzika. Wakaagana hivyo. Lakini Mwanakuu alikuwa amekwisha kuona kwamba kitanda cha pili yake kilikuwa kitupu.

Alirudi Kuze akatangaza kwamba magoti yake yanahitaji Serikali. Magoti, alisema, si jambo jingine. Mahfudha aliyeishi naye ukuta kwa ukuta alijua kwamba bibi huyu tangu Tumu aondoke hugombana na paka, na paka mwenyewe amechoka, lakini alinyamaza. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mumewe, Badawi, muuza vitambaa, akaenda afisi ya ustawi wa jamii kupeleka ombi, akarudi na jibu: atakuja afisa kuangalia nyumba yake na hali yake, na kuwajua watu wake.

Sasa wewe nambie. Pale Kuze, watu wasiokujua wakitaka kuja kuangalia nyumba yako na kuwajua watu wako, wamekuja kufanya nini? Wamekuja kuposa! Hakuna jingine. Mahfudha alilipima neno hilo akatoa hukumu kwamba Serikali ni kama mume mwingine yeyote, haichukui mtu asiye na kwao. Itaingia, itatazama sakafu, itauliza ukoo, na ikiona mkeka uliotoboka itakwenda kuposa nyumba ya pili. Tumu alichukuliwa kwa sababu alikuwa hospitali, hawakupata kuiona nyumba. Mwanakuu aliona maneno hayo yana maana. Tena yalimpendeza, kwani alikuwa hajaposwa kitambo.

Na nyumba yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa tupu. Ilikuwa na mkeka, kitanda cha kamba, sufuria mbili na huyo paka. Siku nyingine Mwanakuu aliteleka maji matupu ili jirani wasikie mfuniko ukilia wajue kunapikwa. Jirani walisikia, wakajua ni maji, wakaleta wali wakisema umewazidi. Ndivyo watu wanavyositiriana, na hilo halihitaji afisi.

Basi asubuhi ya siku yenyewe vichochoro vilijaa vyombo. Mahfudha alileta zulia lake la Kiajemi ambalo hata mumewe hakuruhusiwa kulikanyaga. Zikaja sinia za shaba, mito ya hariri, saa ya ukutani, redio ya betri, mrashi wa fedha na chetezo chake, na kiti cha enzi kilichobebwa na wanaume wawili wakitukanana kila pembe. Kitanda cha kamba kilifichwa kwa Mahfudha. Paka alifungiwa jikoni kwa kuwa sura yake ilikuwa ya kimasikini. Badawi alivalishwa joho akaambiwa leo yeye ni mjomba. Alijaribu kusema kwamba Bi Mwanakuu amemzidi kwa miaka ishirini, mkewe akamtazama, akawa mjomba.

Afisa alikuwa kijana wa kutoka Rabai, Jefwa, mpole, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alipiga hodi, akakaribishwa, akavua viatu, na kabla hajaketi amekwisha nyunyizwa marashi kichwani na kufukizwa udi mpaka ndani ya koti. Akawekewa mahamri, mbaazi za nazi, halwa, na kahawa ya tangawizi. Kijana alikuwa hajala tangu alfajiri. Alikula, na kila alipokula alizidi kuonekana mtu aliyepotea nyumba.

Alipopata pumzi aliuliza, kwa adabu, kama ni kweli Bi Mkubwa hana kitu. Watu wote walicheka kwa huruma. Hana kitu! Mahfudha akamtembeza macho kutoka zulia mpaka saa. Afisa akauliza kama ana jamaa wa kumtunza, na hapo ndipo kikao kizima kiliposimama kujibu. Mjomba huyu hapa. Mpwa ndiye mimi, alisema Mahfudha. Mlangoni walikuwako binamu wanne na shangazi mmoja, na mwuza kahawa aliyeingia kuchukua buli lake akasema yeye ni wa upande wa mama. Mwanakuu aliketi katikati yao amejitanda, macho chini, kama mwari. Posa ilikuwa inakwenda vizuri sana.

Jefwa alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na mbaazi zilimfanya azidi kutaka kusaidia. Akasema kwamba kweli alikuja na moyo wa kumkubalia, kwa sababu nyumba hii hii ndimo alimotoka Bi Tumu.

"Na Bi Tumu tulimchukua mara moja," alisema. "Alituambia hana mtu duniani."

Mwanakuu aliinua uso. Ukali aliujua na matusi aliyazoea, lakini neno hili lilimwingia mahali ambapo hata kifo cha Kamaludin hakikufika, na machozi yakamtoka mbele ya wageni bila kuombwa.

"Hana mtu?" alisema. "Tumu hana mtu? Na mimi ni nani? Andika, mwanangu. Tumu ni mtu wangu. Kula kwake ni kwangu, kulala kwake ni kwangu, na akifa ni mimi nitakayemkalia matanga. Haya yote uyaonayo ni yake kama yalivyo yangu. Andika hivyo."

Jefwa akaandika. Alifungiwa na kipande cha halwa cha njiani, akaondoka amefungwa na shibe. Mahfudha alipiga kigelegele, kwa sauti ndogo, maana ni mambo ya Serikali. Jioni hiyo vyombo vyote vikarudi kwa wenyewe, zulia likiwa la kwanza, na Badawi akaonywa asilitazame.

Siku zikapita. Mwanakuu alifunga furushi lake: kanga, msahafu, uzi na sindano, na bilauri mpya iliyofungwa ndani ya leso. Hiyo hakumwonyesha mtu. Usiku alifanya mazoezi ya maneno atakayomwambia Tumu akilazwa kitanda cha pili yake, kwanza ya kumgombeza, kisha ya radhi, kisha akaona radhi zitangoja.

Ikaja habari kwamba gari la Serikali limesimama barabarani, haliwezi kuingia kichochoroni. Kuze ikatoka. Mwanakuu, amevaa buibui jipya, aliketishwa barazani kwenye kiti, wanaume wakiwa tayari kumbeba. Mahfudha akaanza kulia, na wale mabinamu wakamfuata. Watu walikuwa wanaombana radhi waliposikia, tangu kona ya madrasa, sauti ya mtu anayelalamika.

Alikuwa Tumu. Alikuja kwa miguu yake, mkono umening'inia, na nyuma yake Jefwa amebeba furushi.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema Tumu, hata salamu hakutoa. "Umenitoa kitandani mwangu, mwanamke wewe. Cha springi!"

Jefwa alieleza akitazama viatu vyake. Ile nyumba, alisema, Serikali imeiweka kwa ajili ya asiye na kitu wala mtu. Mwenye mali hupelekwa akajitunze, mwenye jamaa hupelekwa akatunzwe. Bi Mwanakuu ameonekana ana vyote viwili, tena kupita kiasi. Na kwa kuwa ameandikisha kwa kinywa chake kwamba Bi Tumu ni mtu wake na mali ni yake pia, wakubwa wamesema basi Bi Tumu naye ni tajiri, apelekwe kwao.

Kuze nzima ikatazama chini. Mahfudha aliyafuta machozi yale kwa haraka kwa kuwa hayakuwa na kazi tena. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba basi ile haikuwa posa, na Badawi akasema yeye alijua tangu mwanzo, jambo ambalo ni uwongo.

Tumu alikuwa amekwisha pita mlangoni kwenda kuutazama huo utajiri. Jefwa alimfuata na furushi, wanaume wakamwingiza Mwanakuu na kiti chake. Palikuwa na mkeka, kitanda cha kamba, sufuria mbili, na paka amelala mahali lilipokuwa zulia. Jefwa aliangalia msumari mtupu ambapo aliona saa. Akaelewa, maskini, na masikio yakamwiva. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kurudi afisini aeleze upya, ila kile kitupu kimekwisha pata mtu, kimebaki kitanda kimoja tu, na aliyekwisha pokewa ndiye wa kwanza. Bi Tumu akitaka, gari lingali barabarani.

Mwanakuu aliutazama mkono wa Tumu ulioning'inia, akafikiri shuka nyeupe, muuguzi na chai, akaona hana haki ya kumshika mtu kwa mkeka uliotoboka. Akayameza maneno yote aliyoyafanyia mazoezi.

Tumu alisimama katikati ya chumba.

"Zulia walilonihadithia liko wapi?"

"La Mahfudha. Limerudi."

"Sinia?"

"Zimerudi."

"Saa? Redio? Na yule mjomba?"

"Yote niliazima, Tumu. Vyombo na watu wake." Mwanakuu akanyoosha ushungi wake ambao haukupinda. "Wewe tu sikukuazima."

Tumu akavuta kigoda kwa mguu, akaketi, akamwambia Jefwa aliweke furushi lile chini polepole na aende zake salama, mwanangu, Mungu amzidishie, na akipita tena amletee makubadhi yake aliyoyaacha chini ya kitanda.

"Kahawa yao haina tangawizi," alisema. "Na muuguzi yule, umtukane vipi, hajibu."

Jefwa akatoka. Wanasema aliporudi na makubadhi alikaribishwa mbaazi zile zile, safari hii juu ya mkeka, akala vile vile. Mahfudha na mumewe nao walikuwa wamenasa, kwa sababu wamesema mbele ya Serikali kwamba ni mpwa na mjomba, na Kuze haikuwaachia neno hilo liote kutu. Sahani ya mchana ya wake wenza hao ilikuwa juu yao mpaka mwisho. Mwanakuu na Tumu waligawana mwili uliobaki. Tumu alikuwa miguu, Mwanakuu mikono, na Tumu alipenda kuwaambia wageni kwamba ukiwajumlisha wote wawili unapata mtu mmoja mbovu.

Lakini siku ile ya kwanza, mlango ulipofungwa, Mwanakuu alifungua furushi lake akaitoa ile bilauri mpya akaiweka mbele ya mwenziwe. Tumu akaigeuza kwa mkono wa kushoto.

"Ndogo," alisema. "Ile yangu ilikuwa kubwa kuliko hii."

"Ilikuwa kama hii."

"Ilikuwa kubwa."

Na Mwanakuu, moyo umemjaa mpaka shingoni, akavuta pumzi akaanza kumjibu.