Kompyuta ya Vichwa Viwili

Watu wa Mwanga, pale Kigoma, waliiita kompyuta yetu "vichwa viwili", na wengine wakishanunua nyanya zao sokoni walipitia kwetu kuichungulia, utadhani inatema moto. Wala haikuwa na cha kuchungulia. Lilikuwa boksi la bati lililolazwa ubavu juu ya meza, limevuliwa mfuniko, feni ya mjomba ikilipulizia kwa juu. Lakini ndani yake mlikuwa na prosesa mbili, na prosesa ndiyo inayofikiri ndani ya kompyuta. Kompyuta nyingine zote nilizowahi kuziona zilifikiri kwa kichwa kimoja.

Nilikuwa binti wa darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa mchapaji katika chumba cha mjomba. Ilikuwa ile miaka ambayo watu walivuka ziwa kutoka Kongo kila wiki, na wengi wa wateja wetu walikuja kuchapiwa barua za kuomba hiki na kile. Tulikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, na ndiyo hiyo hiyo vijana waliyochezea gemu la mpira. Barua ikija, gemu lazima lifungwe, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Toka hapo, kuna mzee wa barua!"

"Dada, subiri kidogo, naongoza kwa goli moja!"

"Unamwongoza nani? Kompyuta yenyewe imekuonea huruma."

Mimi nilicheka, lakini mjomba hakucheka. Mzee wa barua naye aliondoka akinung'unika.

Fundi alitokea Uvira, ng'ambo ya ziwa. Hatukumwita kwa jina, tulimwita Fundi, naye aliniita mudogo wangu, kwa ile Swahili yao ya ng'ambo niliyoipenda kuisikiliza. Huko kwao alitengeneza kompyuta za maofisini. Alikuwa na kibali cha kukaa nje ya kambi ya wakimbizi, akapanga chumba mtaa wa Buzebazeba. Mke wake alifariki kabla ya vita kuwafikia. Walipokimbia, miaka michache nyuma, pale ufukweni walisukumana, yeye akapanda boti moja na binti yake wa miaka sita akapandishwa nyingine pamoja na shangazi yake. Boti ya Fundi ilifika Kibirizi, upande wetu. Ile nyingine haikufika. Kuna waliosema iliteremka kusini, ikashushia watu upande wa Kalemie, na Fundi akalishika neno hilo, hakutaka kusikia jingine.

Alikuwa na picha moja tu ya mtoto, amesimama mbele ya mlango wa bluu, amevaa gauni la shule, mikono nyuma. Kila boti ilipotia nanga Kibirizi, Fundi alikwenda kuwaonyesha watu. Pembe za picha zilikuwa zimeshalainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Alichotaka duniani kilikuwa hicho: picha ile iwe nyingi, ibandikwe kila mwalo boti zinapotua, huku na ng'ambo, hata mahali asipofika mwenyewe.

Mjomba alikuwa na skana, ya kuingizia picha kwenye kompyuta, iliyokaa ndani ya mfuko, kwa sababu kompyuta yetu ilizimia kila ilipounganishwa nayo. Wakakubaliana. "Nitengenezee mashine," mjomba alisema, "barua ikija gemu lisifungwe, viende vyote pamoja, asisimamishwe mtu. Ukiweza, skana ni yako, tumia utakavyo."

"Mzee, ile mashini itapatikana," Fundi akamjibu.

Ilipatikana mnadani, kwenye ofisi moja iliyokuwa inafunga shughuli zake mjini. Wengine waligombania meza na viti. Fundi alipiga magoti mbele ya lundo la kompyuta mbovu, akafungua moja, akaniita kwa mkono. "Angalia. Viti viwili, kimoja hakina mtu." Kwenye mazabodi, lile bamba kubwa linalobeba kila kitu, palikuwa na nafasi mbili za prosesa, na moja ilikuwa wazi. Pacha wa ile iliyokuwepo tulimtoa kwenye kompyuta nyingine mfu katika lundo lile lile. Tukarudi Mwanga tumepakata mizigo yetu, nami njia nzima nilikuwa najenga ghorofa kichwani: chumba chenye kompyuta kumi, mashindano ya mpira, vijana wa Ujiji na vijana wa Mwanga, bango kubwa mlangoni lenye picha yangu. We acha tu. Nilipokuwa mdogo niliota nikiwa macho, na nilipokua sikuacha.

Kuziunganisha hakukuwa kazi ngumu. Ilibidi tuweke ule mfumo wa kuendeshea kompyuta za maofisini, maana wa kawaida unaona prosesa moja tu, ya pili inakaa bure kama mgeni asiyekaribishwa chai. Kazi ilikuwa spidi. Prosesa zenyewe zilikuwa za bei ya chini, na gemu jipya lilikwenda kwa kukwama, mchezaji anapiga mpira, unasubiri, ndipo unauona mpira umeshatoka. Fundi akasema hizi zimefungwa miguu huko kiwandani, zinaweza kukimbia kuliko zilivyoandikwa. Kwenye mazabodi palikuwa na vipini vidogo ambavyo ukivihamisha, mashine nzima inabadili mwendo. Mwendo wa juu kabisa iliukataa, skrini ikabaki nyeusi. Akahamisha kipini kimoja, akauweka mwendo wa katikati. Ikawaka. Mpira ukapigwa, ukaenda saa hiyo hiyo.

Nikapiga vigelegele peke yangu. Fundi akaweka kidole karibu na prosesa, akakitoa haraka. "Hapa ndipo adui," akasema. "Moto."

Kati ya prosesa na lile bati la kuipoza hupakwa dawa nyeupe, na dawa hiyo Kigoma nzima haikupatikana. Basi nikaleta mawese ya kupikia. Usicheke. Yalikuwa yameganda, mazito, mekundu, na Fundi aliyapaka kidogo kwa ncha ya kisu, kama anayempaka mtoto mafuta. Yalifanya kazi mpaka mchana, joto likayayeyusha, na kwa kuwa boksi lilikuwa limesimama wima, yakachuruzika yote mpaka chini.

"Fundi, mashine yenu inatokwa na mchuzi!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Leta ugali basi!" akajibu mwenzake.

Ndiyo maana tukalilaza boksi ubavu, mawese yakatulia mahali pake, Fundi akawa anayabadilisha kila asubuhi. Tuliuchunga moto ule kama mgonjwa. Kila aliyepita alipeleka mkono juu ya boksi, hata mjomba.

Siku ya skana ilikuwa siku nzuri, na bado naikumbuka hivyo ingawa najua kilichofuata. Vijana walikuwa wamejazana kwenye gemu. Fundi alilaza picha juu ya kioo cha skana kwa mikono miwili, akaianzisha, akawarudishia vijana mchezo wao, na mchezo haukusita. Taa ya skana ikatembea taratibu, vijana wakafunga goli, wakarukaruka mpaka meza ikatikisika. Mjomba alisimama mlangoni, miwani kwenye paji la uso, akasema, "Haya, haya, haya." Kisha Fundi akawaomba vijana wampishe kidogo, akaifungua picha. Mtoto akaijaza skrini nzima.

"Huyu nani, Fundi?"

"Huyu ndiye mwenye mashini," akasema.

Wino wa printa ulikuwa umekwisha, tulikuwa tunasubiri utakaokuja na treni. Na wiki hiyo hiyo mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alikuwa anavuka kwenda Kalemie. Fundi akampa picha yenyewe. Nilimuuliza kwa nini asisubiri wino ampe ya karatasi. Akasema yule mama amekataa karatasi. Ng'ambo watu wamechoka kuonyeshwa makaratasi, wanataka kitu kilichoshikwa na mzazi. "Na mtoto yuko hapa," akasema, akagusa boksi kwa viganja viwili. "Hapa haloweki, hapotei." Ndivyo sote tulivyoamini.

Boti ile haikurudi. Wapo waliosema ni upepo, wapo waliosema ni watu wenye silaha. Mama yule hakuonekana tena, wala ndugu zake wa Ujiji hawakuletewa habari.

Wino ulipofika, kazi ya kwanza ilikuwa mtihani wa shule moja niliouchapa kwa muda mrefu. Nikaufungua. Ukurasa wa kwanza sawa. Ukurasa wa pili katikati ya swali maneno yakageuka kuwa vijiduara na vijisanduku, kama mtu amemwaga mchele. Nikamwita Fundi nikicheka, nikimwambia mashine imejifunza Kichina. Yeye hakucheka. Akafungua barua nyingine, ikakataa kufunguka. Akaiendea diski, ile inayotunza kila kitu, akaichunguza muda mrefu. Jasho lilimtoka, na feni ilikuwa inampulizia.

"Si prosesa," alisema mwishowe. "Prosesa zimevumilia. Tulipohamisha kile kipini tulikimbiza kila kitu, na diski pia. Diski haikuweza. Ilikuwa inaandika huku inakosea, siku zote hizi, kimya kimya."

"Lakini picha tuliiona, Fundi. Ilikuwa nzima."

"Siku ile ilikuwa bado kichwani mwa mashini, tuliiona kutoka huko. Kilichoandikwa kwenye diski ni kingine."

Alizima, akarudisha kipini kwenye mwendo wa kawaida, akawasha. Nilitamani isiwake. Ikawaka. Akaifungua picha.

Mlango wa bluu ulikuwepo. Nywele zilikuwepo, zimesukwa mistari, na paji la uso, na macho yote mawili. Chini ya macho mstari ulikatwa kama kwa rula, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa picha palikuwa kijivu kitupu.

Kijana mmoja aliuliza gemu linaanza saa ngapi. Mwenzake akamkanyaga mguu, wakatoka nje wote.

Fundi alijaribu kila alichokijua. Alijaribu siku hiyo, na siku iliyofuata, na mjomba akawaambia wateja wa barua waende kwingine, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote. Kijivu hakikuondoka. Mwishowe Fundi alivuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Mudogo wangu, tuchape hivi hivi. Pale palipo kijivu uandike maneno. Mimi nitasema."

Nikaweka vidole tayari.

"Andika: pua fupi." Nikaandika. "Mashavu yamejaa. Shingoni ana alama nyeusi, ndogo." Nikaandika. "Ana pengo, jino la juu limetoka."

"Upande gani?"

Akapeleka kidole kwenye jino lake la kulia. Akakiacha hapo. Kisha akakihamishia kushoto. Akafumba macho, akageuza kichwa taratibu, kama anamgeuza mtoto amtazame, na kidole kikarudi kulia, kikatoka, kikabaki hewani mbele ya mdomo.

"Alikuwa ananiangalia mimi," alisema. "Sasa akikuangalia mtu, kulia kwake ni..."

Nikasema, "Fundi, si lazima upande. Tena miaka imepita, jino litakuwa limeshaota."

Alinitazama. Nilijua hakuwa amelifikiria hilo, kwamba huko aliko, kama yuko, mtoto ana uso mwingine.

"Nifute?" nikamuuliza.

"Acha. Andika pengo tu. Usiandike upande."

Tukachapa. Wino ulikuwa mpya, mweusi sana, macho yakajaa wino kidogo, na ile sehemu ya kijivu ndiyo iliyotoka safi kuliko yote. Fundi alizipanga karatasi, akazigonga mezani zilingane, akaziweka kifuani ndani ya shati, akashika njia ya Kibirizi. Siku zilizofuata alizibandika mpaka mwalo wa Ujiji. Mimi nilikwenda naye siku mbili, nikishika gundi. Watu walisimama, wakasoma, wengine wakamwambia pole baba. Hapakutokea mtu wa kuuliza chochote, si wiki ile wala baada ya pale, na mvua zilipoanza kuzibandua karatasi zile, Fundi alirudi kwa mjomba akaomba achapiwe nyingine.