Mbwa Aliyetafutiwa Sumu

Juzi nikiwa kwenye duka la dawa za mifugo pale Igamba, aliingia baba mmoja akaomba sumu ya mbwa.

"Amemng'ata nani?" muuzaji akamuuliza.

"Bado. Mama watoto amejifungua, na huyu kutwa ananusa mlangoni."

"Si ndiye anayefukuza nyani kwenye mahindi yako?"

"Ndiye," akajibu bila aibu.

"Basi mpe chanjo ya kichaa, mshike kwa kamba, umnusishe kwanza khanga ya mtoto. Atamzoea taratibu."

"Mbwa atambulishwe mtoto? Kwani yeye ni shangazi?"

Duka zima tukacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo linaniudhi mpaka leo. Bila shaka kichanga kile kimeshabebwa na majirani na kwaya nzima ya kanisa, wengine na udongo wa shamba mikononi, na wote wamepewa chai. Mlinzi wa nyumba kunusa tu, anahukumiwa kifo!

Muuzaji akakataa kuuza. Yule baba akasonya, akatoka kwenda duka la pili. Mbwa wake, aliyekuwa amelala nje akimlindia baiskeli, akainuka na kumfuata akitikisa mkia.