Gari la Theluji Nililolichagua kwa Hasira

Mimi si mtu wa maneno. Hata shuleni mwalimu akinitaja jina nilitazama sakafu. Kwa hiyo binamu yangu, manju wa kundi la ngoma la kijiji cha pili, aliponitungia wimbo, alijua hatajibiwa.

Manju ndiye mtunzi na mwimbaji kiongozi, na kazi yake mojawapo ni kuwakejeli watu wa upande mwingine. Masika yale pikipiki yangu ilizama kwenye udongo mweusi wa mbuga nikienda kwenye mashindano. Binamu alipita juu ya trekta la kukodi pamoja na wapiga ngoma wake. Nikampungia mkono anisaidie. Naye akapunga, akaenda zake. Jioni wimbo ulikuwa tayari: nimeoa tope, mahari nimetoa pikipiki, na wageni wa harusi walikuwa vyura. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu hapo watoto waliniamkia, "Shikamoo, shemeji wa vyura," na mimi kwa mazoea nikaitika marahaba.

Duara letu la Geita, shimo tulilochimba kwa ubia, lilipotoa dhahabu, wenzangu walinunua bodaboda na mabati. Mimi nilimfuata mjomba wangu, fundi magari wa Kagongwa, tukaenda Isaka. Kulikuwa na yadi yenye magari mawili ya zamani, yasiyo na matairi bali mikanda mipana kama ya kifaru cha jeshi, yaliyotelekezwa yakiwa safarini kwenda nchi jirani. Watu wote waliyaita matrekta ya mpunga.

"Si ya mpunga," mwenye yadi alisema. "Ni ya theluji. Wazungu wanatembelea milimani, kujifurahisha tu."

"Na theluji ya Shinyanga iko wapi?" mjomba akauliza. "Kwenye friji ya soda?"

La kwanza lilikuwa kubwa, jekundu, lina kabati la vioo na viti laini. Nililipenda. Mjomba alifungua boneti, akachungulia ndani, akaifunga.

"Injini hii sijawahi kuiona. Siku ikifa, gari unalifugia kuku."

La pili lilikuwa dogo, rangi imepauka, halina milango, nyuma lina benchi la mbao. Injini yake ilikuwa ya petroli, ndugu wa zile za pikapu za zamani ambazo vipuri vyake vinapatikana Kahama. Mjomba alichokonoa sakafu kwa bisibisi kutafuta kutu. Akaukunja mkanda wa mpira kwa mkono kuona kama umepasuka. Akavuta wenzo wa chuma wa kushoto, kisha wa kulia, kwa sababu gari hilo halina usukani. Ukivuta wenzo mmoja, mkanda wa upande huo unasimama, na gari linageukia huko.

"Feni tutaongeza, lilizoea baridi," alisema. "Lakini mkanda mpana hivi hauzami. Unalitaka la kazi gani, mpwa?"

"La kutembelea. Kwenda kwenye ngoma."

Alinitazama. Yeye pia aliwahi kuuimba ule wimbo, nilimsikia.

"Basi chukua lenye benchi," akasema.

Benchi ndilo nililokuwa nimeshalichagua.

Masika yaliyofuata, siku ya mashindano, nililikuta mbugani trekta la binamu limezama mpaka ekseli. Watazamaji wa ngoma hawasubiri. Manju akichelewa, wote wanahamia kwa mpinzani wake, na amekwisha. Alilijua hilo. Alinipungia mkono mapema sana.

"Binamu, umetuletea kifaru? Mungu akubariki."

"Pandeni," nikasema.

Walipanda na ngoma zao. Tulipofika katikati ya mbuga, maji kila upande, nilivuta nyenzo zote mbili. Gari likasimama.

"Limeharibika?"

"Hapana. Imba."

"Niimbe nini?"

"Ule wa vyura. Weka jina lako."

Alicheka peke yake. Ng'ambo ngoma za wapinzani zilikuwa zimeanza kulia.

"Tutachelewa, binamu. Tafadhali."

Sikujibu. Kunyamaza nakuweza.

Akaanza, macho kwenye magoti. Jina lake alilifunika kwa kikohozi. Nikamwambia arudie. Akarudia, safari hii likasikika. Wapiga ngoma wake walikuwa wamekaza midomo, lakini kiitikio kile walikuwa wamekiitikia mwaka mzima. Kilipofika, mmoja akaitika, halafu wote wakaitika. Mmoja akaanza kupiga ngoma.

Niliachia nyenzo, nikaendesha polepole ili wamalize beti zote. Kwenye uwanja walishuka bado wanauimba, na watu wakaupokea palepale, na jina jipya ndani yake. Yeye alibaki kwenye benchi, anasubiri wimbo ule unyamaze ili aanze wake wa siku hiyo.

Haukunyamaza. Nami sikumwonea huruma, wala leo simwonei.