Simu Ililala Kitandani, Mwoka Mikate Yuko Kazini

Kumekucha. Mikate ya mwisho inatoka tanurini, na Bi Hamira haruhusiwi kuisogelea.

Amesimama kwenye meza ya kukandia, unga umempanda hadi viwikoni, macho hayabanduki kwa mwenzake aliyeshika koleo refu la mbao. Mwenzake huyo, mwanamume wa makamo wanayemwita Masizi, anavuta mikate kwa pupa.

"Polepole, Masizi! Hiyo ni mikate, si kuni!"

"Wewe mama, si uliambiwa usikanyage huku?"

"Iliyokatazwa ni miguu. Mdomo sijasikia umekatazwa."

Chumba kizima kinacheka, na Masizi anapunguza mwendo.

Jina la Bi Hamira alipewa hapa hapa kiwandani, kwa kuwa akiingia tu, nyuso zilizonuna huumuka. Kwa zaidi ya miaka ishirini amechoma mikate ya usiku. Huingia kazini watu wakifunga milango yao, hutoka wakiifungua. Tangu mwaka juzi anaishi na kifaa kidogo kilichopachikwa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa mtulinga wa kushoto, mfano wa saa ya mkononi isiyo na mkanda. Moyo wake ukisinzia, kifaa kinaugutusha.

Wenzake hakuwaeleza kwa maneno marefu. Aliwategea tu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango, ndani mna mlinzi."

"Yai!" akadakia Masizi.

"Yai lina mlinzi gani, mlafi wewe?" Akajigusa kifuani, na wote wakaelewa.

Mlinzi huyo si bubu. Usiku tu, saa iliyopangwa, hunong'onezana na simu ya mkononi bila waya wowote. Ndani ya simu kuna programu inayopokea habari za moyo na kuzituma kwa mtandao hadi hospitali kuu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Huko kuna muuguzi anayezisoma kwenye kompyuta. Akiona mapigo yamekwenda kombo, humweleza daktari, kisha humpigia mgonjwa.

"Lakini isichukuliwe kuwa simu ndiyo daktari," anaonya muuguzi huyo, tulipozungumza naye. "Mtu akibanwa na kifua au akizimia, asingoje tumpigie. Akimbizwe hospitali."

Mwaka huu, alipounganishwa na programu hiyo, muuguzi alimpa Bi Hamira maagizo mepesi kwa simu. Simu iwe na chaji, programu isifungwe, na usiku simu iwekwe karibu na kitanda.

Akayashika kama yalivyo. Kila jioni aliiweka simu kwenye kigoda kando ya mto wake, akachomeka chaji, akajifunga kilemba, akaenda zake kazini. Ulinzi ukabaki kwa mumewe, fundi baiskeli, ambaye hakuruhusu mgeni yeyote kuigusa.

"Niliilea kama mtoto mchanga," anasema mzee huyo. "Hata kujigeuza kitandani nilijigeuza kwa adabu, nisije nikaipiga kumbo."

Wiki zikapita. Ndipo mchana mmoja muuguzi akapiga. Bi Hamira anayasimulia mazungumzo hayo kwa sauti mbili, ya binti huyo muuguzi na ya kwake.

"Mama, hatupati taarifa zako. Usiku simu unaiweka wapi?"

"Karibu na kitanda, mwanangu, kama ulivyoniagiza."

"Na programu iko wazi?"

"Iko wazi. Mzee hata kuifunika shuka anaogopa."

"Na wewe unalala mbali nayo kiasi gani?"

"Mimi silali, mwanangu. Usiku mimi niko kazini."

Upande wa pili kikasikika kicheko cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Hakunicheka kwa ubaya," anasema Bi Hamira. "Alicheka, halafu akaniomba radhi. Akasema kosa ni lake, hakuniuliza nalala saa ngapi. Na mimi ni nani nibishane na hospitali? Waliniambia simu ilale kitandani. Ililala."

Mumewe anatikisa kichwa. "Kumbe muda wote huo wenzetu wanautegea sikio moyo wa mke wangu, wanaambulia kukoroma kwangu!"

Kicheko hakikudumu. Siku ile ile, kwa maelekezo ya muuguzi, Bi Hamira alibonyeza kitufe cha programu akaketi karibu na simu, na kifaa kikamwaga yote kiliyokuwa kimeyaweka akiba. Kabla jua halijazama, muuguzi alipiga tena, safari hii bila utani. Moyo ulikuwa umevurugika mapigo mara kadhaa, mwenyewe akidhani ni uchovu.

Daktari aliogopa mambo mawili: damu kuganda, na mgonjwa kupatwa na kizunguzungu mbele ya moto. Akawasiliana na kliniki iliyo karibu na Bi Hamira, dawa ikaongezwa. Tanuri likapigwa marufuku mpaka taarifa za simu zioneshe moyo umetulia. Usipotulia, ndiyo basi tena.

"Nililia," anasema Bi Hamira. "Kukanda nakanda, lakini kukanda ni nusu ya mkate. Mkate unaujua siku unapofungua tanuri, ukakupumulia usoni."

Mwenye kiwanda amemshikia nafasi yake, ila naye ana mikate ya kutoa kila siku. Hawezi kungoja milele.

Muuguzi alibadili maagizo: simu ikae karibu na mtu, isikae karibu na kitanda. Sasa inakwenda naye kazini, kwenye mfuko wa aproni chini ya kiuno, mbali na kifua, kwa kuwa simu ikikikaribia mno kifaa inaweza kukivuruga. Mumewe huifunga ndani ya mfuko wa plastiki isiingie unga.

Mzee mwenyewe ana lake moyoni. "Nisiseme uongo. Akikatazwa kazi hii, nitakuwa naye nyumbani giza likiingia. Nimeoa mwoka mikate, nimezeeka nalala peke yangu. Lakini nikimwona anavyolitazama lile tanuri, roho inaniuma. Naomba tu aruhusiwe."

Na leo asubuhi, trei za mwisho zikiwa bado zinafuka, aproni inaanza kulia.

Kila mtu anasimama. Mikono ya Bi Hamira imejaa unga, hivyo Masizi anatupa koleo, anachomoa simu, anahangaika na fundo la mzee, hatimaye anaibandika kwenye sikio la mwenzake.

"La kulia, Masizi! La kulia! Hilo liko upande wa mlinzi!"

Anahamisha. Sauti ya muuguzi inasikika hadi kwenye magunia.

"Umeamkaje, mama?"

"Sijalala bado, mwanangu. Sema tu."

"Daktari amezisoma taarifa zote. Tangu uanze dawa, moyo umetulia. Anasema mwanzo wa mwezi urudi tanurini. Trei nzito abebe mwingine, dawa usiruke, na simu…"

"Ninayo hapa. Nimeikalia kama kuku."

Hapigi kelele. Anaketi juu ya gunia la unga, anajifuta machozi kwa viganja, na uso wote unageuka mweupe.

"Haya," anasema Masizi, akiliokota koleo lake. "Sasa bado kukuchoma tu."

Tunamuuliza Bi Hamira, tanuri likimrudia ataanza na lipi. Anafikiri kidogo, huku akikung'uta aproni.

Ana miadi hospitali kuu baada ya wiki chache, anasema, na mumewe ameahidi kufunga karakana wapande basi pamoja. Muuguzi yule alianza kazi baada ya yeye kuwekewa kifaa, hawajawahi kuonana hata siku moja. Ataoka mkate kwa mikono yake mwenyewe, aufunge kwa kitambaa, aupakate njia nzima.

"Binti wa watu moyo wangu anauona kila siku," anasema. "Na mimi nataka nimwone uso."