Nyumba ya Wamae Ilikuwa na Miguu Minne

Wamae wa Ihururu alikuwa fundi wa kweli, na mimi sigawi sifa hiyo ovyo. Nanunua na kuuza vyuma vya mitumba hapa Nyeri mjini tangu nikiwa na kiatu kimoja cha kanisani na cha kazini, na fundi namjua kwa anavyochagua bati. Mbahatishaji huangalia rangi. Fundi hugeuza ukingo. Wamae aligeuza kila ukingo. Alikuwa anatafuta kuta za lori kuukuu la kubebea nyama, zile zenye sponji katikati, na alipozipata alinipigania bei mpaka nikamheshimu.

"Unafungua bucha?" nikamuuliza.

"Najenga nyumba, Kinyua. Ya kukaa juu ya pikapu."

"Na pikapu ikitakiwa kazini?"

"Nyumba inashuka. Iko na miguu."

Nikadhani ni mzaha, lakini Wamae hakuwa mtu wa mzaha. Jambo lenyewe lilikuwa mkewe, Watiri, na pumu yake. Ihururu iko karibu na msitu, na gathano ikifika, ile miezi ya baridi ambayo jua linakuwa habari ya kusikia tu, ukungu hulala juu ya majani chai hadi adhuhuri. Miezi hiyo Watiri hakulala. Aliketi wima kitandani, mabega yamepanda, akivuta pumzi kama mtu avutaye ndoo ya maji kutoka kisima kirefu. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: huyu mama ateremke mahali pa joto baridi ikianza, la sivyo kifua hiki hakitafika mbali.

Mtu atauliza kwa nini hawakupanga chumba Mwea, ambako joto ni la bure. Walipanga. Mwaka uliotangulia walikaa Wang'uru, chumba kimoja kati ya vingi vilivyoshikana ukuta, mashine ya kukoboa mpunga ng'ambo ya barabara. Vumbi la pumba liliingia hata kwenye unga. Majirani waliwasha jiko la makaa kwenye korido. Watiri alirudi mgonjwa kuliko alivyokwenda. "Joto lilikuwako," aliniambia mwenyewe, "hewa ndiyo haikuwako."

Ndiyo sababu ya kujenga sanduku lile la kubebwa na pikapu. Wamae aliweza kuliweka mbali na mashine na moshi, popote atakapopewa nafasi ya kuegesha. Lilikuwa na kitanda kilichopita juu ya paa la dereva, meko ya gesi, dirisha dogo ubavuni na mlango mmoja nyuma. Pembeni alichomelea miguu minne ya chuma yenye jeki. Akifika mahali alizungusha jeki, sanduku likainuka, pikapu ikatoka chini yake taratibu, na nyumba ikabaki imesimama peke yake kama ghala la mahindi. Pikapu ikaenda kubeba mizigo ya watu, maana dawa za Watiri hazikuwa zinaota shambani.

Majirani walikuja kulitazama.

"Wamae, sasa umekuwa konokono?"

"Konokono hawezi kuvua nyumba yake," akajibu. "Mimi naivua nikienda kazi."

Mimi nililizunguka mara mbili. Kazi safi. Lakini sikuzoea kusifu kitu bila kusema kasoro yake. "Nyumba nzuri," nikasema. "Haina choo, na haina shamba."

"Choo nitaomba. Shamba nitaomba."

"Basi umejenga nyumba ya kuomba."

Watiri alicheka mpaka akakohoa. "Mwache, Kinyua. Hata wewe utakuja kuomba chai huko ndani."

Juni waliteremka. Wamae alipata nafasi kwa mama mmoja mkulima wa mpunga aitwaye Murugi, pembeni ya shamba lake, nje kidogo ya Wang'uru. Ardhi ilikuwa imekauka hadi kupasuka, nyufa za kuingiza mkono. Wamae akatafuta mawe manne bapa, akayaweka chini ya miguu kama tunavyofanya huku juu, akaweka pima maji sakafuni. Sawasawa kabisa.

Murugi akaja akiwa ameshika kiuno. "Nyinyi watu wa Nyeri mnaogopa baridi yenu wenyewe?"

"Tunaiogopa, mama."

"Na hii miguu ni nyembamba hivi? Hii mchanga yetu si kama yenu. Hii inakunywa."

"Mvua haiko mpaka Oktoba."

"Hapa hatungojangi mvua, mzee. Tunafunguliwa maji ya mfereji."

"Zamu yako ni lini?"

"Bado. Nitakuambia."

Wamae akaridhika. Kabla ya zamu ya Murugi angeingiza pikapu chini ya nyumba na kuisogeza kando ya barabara. Hesabu yake haikuwa mbaya kwa mtu wa udongo mwekundu. Kwetu kuna mteremko. Maji ya jirani ni ya jirani. Yanashuka bondeni na kwenda zake, na udongo unabaki umeshikilia nguzo miaka na miaka. Mtu wa milimani ambaye hajawahi kukaa mahali tambarare, penye udongo mweusi, hajui kwamba maji yanaweza kutembea kwa upande, chini, bila kuonekana.

Niliwatembelea nikienda kuangalia mashine kuukuu huko Wang'uru. Nilimkuta Watiri amelala chali mchana, usingizi mzito, mdomo umefungwa. Wamae alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, anamtazama kupitia mlangoni.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Amelala chali. Miaka mingapi sijamwona hivyo."

Kitu kinachofanya kazi hakihitaji mnunuzi akisifie.

Wiki chache baadaye jirani wa Murugi alifunguliwa maji ya kulainisha shamba lake. Zamu ya Murugi ilikuwa bado, kwa hiyo hakuna aliyemwambia Wamae neno. Asubuhi ile alikuwa amepeleka mbolea Kianyaga. Pikapu iko Kianyaga, nyumba iko Wang'uru, na ndani ya nyumba yumo Watiri anachemsha uji.

Mguu wa nyuma wa kushoto ulizama kwanza, jiwe lake na yote. Wa kulia ukafuata. Sanduku likaketi chini kwa matako, likateleza nyuma, na mlango ule mmoja ukaegemea tuta la matope. Sufuria ya uji ikamwagika. Watiri akapata kuzima gesi, kisha akampigia mumewe.

"Baba Nyawira, nyumba imeanguka. Mlango haufunguki."

"Fungua dirisha! Nakuja!"

Lakini kuja kutoka Kianyaga si kupiga makofi. Na hapo ndipo ubaya wa ule ujanja wote ulipojitokeza: nyumba ya magurudumu, isiyo na gurudumu hata moja siku ya haja. Vijana wa boda na wakulima walikuja na majembe, wakachimba lile tope linalonata kama ulimbo, kila walichotoa kikarudi. Murugi alipanda juu ya ndoo akamshika mkono kupitia dirisha, maana dirisha lile halingepitisha mtu mzima. "Vuta pole pole, mami. Niangalie mimi. Vuta." Ndani Watiri alikuwa amebanwa na ile kuogopa, na kuogopa na pumu ni ndugu wa tumbo moja. Kuta zile nzuri za lori la nyama, zilizojengwa zisipitishe hewa, zilifanya kazi yake.

Walipong'oa mlango midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Wakampeleka hospitali kwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Wamae alimkuta huko na mpira wa oksijeni puani.

Alipona siku zile. Hilo lazima niliseme, maana watu wanapenda kulifupisha. Alipona, akarudi Ihururu, na Wamae akatumia karibu mwaka mzima kurekebisha. Aliweka vyuma vipana chini ya miguu, kama sahani. Alikata dirisha kubwa. Alitoboa mlango wa pili. Kazi safi tena. Ilipofika Juni akalipandisha sanduku juu ya pikapu, akatandika kitanda, akamwita mkewe.

Watiri alisimama uani na shali yake, hakusogea.

"Ingia, Mama Nyawira. Ona, milango ni miwili."

"Nimeona."

"Ukungu unaanza."

"Baridi inanibana kifua tu, Baba Nyawira. Hiyo kitu ilinibana mpaka roho. Siingii."

Akambembeleza. Akamletea mchungaji. Akamletea hata mimi, ati nijadiliane naye, kwa kuwa mimi husemwa naweza kumuuzia mtu kivuli chake. Nilijaribu. Nilimwambia mambo yote ya maana. Watiri alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai. "Wewe unajua kuuza, Kinyua," akasema. "Lakini mimi nilikuwa ndani."

Nikanywa chai, nikaenda zangu.

Chumba cha kupanga walikikataa wote wawili, kwa sababu ya vumbi. Sanduku alilikataa yeye. Ikabaki Ihururu. Agosti ukungu haukuinuka siku nyingi mfululizo, na asubuhi moja Watiri akafa ameketi, mgongo ukutani, mkono wa Wamae ukiwa begani kwake.

Baada ya mazishi nilikwenda kununua lile sanduku. Lilikuwa limesimama uani kwa miguu yake, juu ya udongo mwekundu, limenyooka. Nikaanza kama mnunuzi anavyoanza: nikasema ni zito kwa pikapu ndogo, linayumba kwenye kona, choo hakuna, ukilishusha umebaki na kibanda.

"Ndiyo," Wamae akasema. "Na bati la chini limeanza kutu."

Kutu sikuwa nimeiona. Nikangoja apandishe bei, anipiganie kama zamani. Hakupandisha. Nikataja ile ndogo ninayoanzia, ambayo hakuna mtu hukubali.

"Chukua," akasema, akaingia sandukuni kutoa blanketi alilomtandikia Watiri.