Bado Inaitwa Hamar

Garissa ilinipokea kwa harufu ya dizeli na vumbi. Tulikuwa tumetoka Nakuru kwa lori lililobeba mabomba ya maji, baba mbele na dereva, mimi nyuma kati ya godoro na masufuria, na tulipopita Mwingi nikaacha kuuliza tutafika lini. Tulipovuka daraja la Tana midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa joto. Baba alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa kuhamishwahamishwa. Alipanga chumba mtaa wa Iftin, tukawa jirani wa Maalim Nur, aliyekuwa akifundisha historia Mogadishu kabla vita havijamtoa huko pamoja na binti yake, Sahra, wa umri wangu. Siku waliyokimbia, mkewe Ayaan alirudi nyuma kumchukua mama yake mzee, na hawakumwona tena. Mji wao hawakuuita Mogadishu. Waliuita Hamar, kama wenyeji wake wote.

Jioni, ardhi ikianza kupoa, watoto wa mtaa walishindana kutaja ukoo: jina lako, la baba, la babu, kurudi nyuma mpaka pumzi ikate. Sahra alitiririka kama maji. Mimi nilisema Mutua, Kilonzo, nikakwama.

“Wewe, babu yako alianguka na mvua?” alinitania Abdi, mtoto wa muuza maziwa, na wenzake wakaangua kicheko.

Maalim alinionea huruma. Alinikalisha mkekani akanipa ukoo wa kuazima: Kublai, mwana wa Tolui, mwana wa Temujini aliyeitwa Chingizi Khan, mwana wa Yesugei. Wamongolia, alisema, walikuwa wafugaji wa kuhama na mahema, kama wafugaji wa Griftu, kaskazini yetu, ila wao walipanda farasi na kuteka miji ya watu.

“Na mama yake Kublai?” aliuliza Sahra.

“Kwenye ukoo mama hatajwi, binti yangu. Unajua.”

Kisha akatusimulia jinsi mji mkuu wa Kublai ulivyoitwa Khanbaliki, mji wa Khan, na jinsi wajukuu zake walipofukuzwa, washindi wakaufutia jina hilo. Leo ni Beijing. Mimi niliona ni hadithi tamu. Sahra alikosa usingizi. Kule Hamar nako watu walikuwa wakipigania utawala. Wakibadilisha jina, aliniuliza kesho yake, mama atawaambia madereva ametoka wapi, na sisi tutamuulizia wapi? Tangu hapo, kila lori lililotoka mpakani alilikimbilia.

“Adeer,” alimwita dereva kwa heshima ya ami, “bado inaitwa Hamar?”

Madereva walicheka, wakamjibu bado, wakampa tende. Alirudi akiruka.

Nimeishi miji mingi tangu wakati ule, sikudumu hata mmoja, na baadhi imebadilishwa majina ya mitaa nikiwa ndani yake. Redio ikitaja Mogadishu huwa naacha ninachofanya. Leo naweza kupiga simu huko nikiwa nimeketi kitandani. Sina wa kumpigia.

Baba alipohamishwa tena, asubuhi ya kuondoka, lori la mpakani lilisimama karibu na letu. Sahra alikuwa ameketi mlangoni na hakunyanyuka. Siku chache nyuma alikuja mwanamke kutoka Hamar, akazungumza na Maalim ndani, na tangu hapo majirani walikuwa wakiingia kumpa pole. Dereva mwenyewe ndiye aliyemwita: “Mtoto, leo huulizi? Bado inaitwa Hamar!”

Sahra alitikisa kichwa. Alisogea hadi kwenye gurudumu letu, akanitazama juu nilipokuwa kati ya godoro na masufuria, akaanza kutaja ukoo wake taratibu, kama mtu anayeaga.

“Sahra,” alisema. “Ayaan.”

Akaishia hapo, kwa jina la mama yake. Abdi alikuwa amesimama pale pale na wenzake. Hakuna aliyecheka. Lori likaondoka.