Siku Homa ya Wifi Iliposhuka

Mimi niliishia darasa la nne na sioni haya kulisema. Nilianza na dagaa sokoni Kahama, nikaenda kwenye mitumba, nikapanda hadi vitenge, na leo niko Guangzhou, nimepanga nyumba ya vyumba vitatu ambamo wafanyabiashara wa kwetu wanafikia. Nawapeleka soko la Shahe kwenye nguo za bei ya chini, nawapeleka lile la Shisanhang kwenye zile za kupendeza, nasimamia mizigo mpaka iingie kwenye kontena. Wenye digrii nimewavusha barabara za mji huu nikiwashika mkono kama watoto. Kwa hiyo ninachokieleza hapa nimekiona kwa macho yangu, sikukitoa kwenye kitabu cha mtu.

Nataka kueleza habari ya wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

Alikuja kununua jinzi katika msimu wa mvua na joto, ule ambao huku nguo haikauki na kuta zinatoka jasho. Kitu cha kwanza kutoa kwenye begi lake, hata hatujamaliza kusalimiana, kilikuwa chandarua. Cha buluu, kimetoka nyumbani. Akafunga kamba kutoka kwenye fimbo ya pazia mpaka kwenye kabati, akakitundika juu ya kitanda, akachomekea pembe zote chini ya godoro.

"Wifi, mimi si mjinga," akaniambia. "Nimesikia huku kuna mbu."

"Wapo. Ila wa huku wanauma mchana."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mbu wa mchana! Wifi, Uchina umekulevya. Mbu wa mchana ni wa kujikuna tu. Mwenye ugonjwa anakuja usiku, kila mtoto wa Kahama analijua hilo."

Na kweli kila mtoto wa Kahama analijua. Hata mimi nilikua nikilijua. Kwetu mtu akishikwa na malaria anameza dawa ya mseto, analala kidogo, jioni unamkuta gengeni anapunguziwa bei ya nyanya. Hatuogopi kitu tulichokizoea, hata kama kinatuzika kila mwaka.

Siku zile wanawake wa ofisi ya mtaa, wenye vizibao vyekundu, walikuwa wanapita jengo kwa jengo. Wanagonga, wanaingia, wanachungulia nyuma ya choo, wanamwaga maji ya visahani vya maua. Sebuleni nilikuwa na mmea unaokaa kwenye chupa ya maji, alionipa laobani mmoja, ndivyo tunavyowaita mabosi wa maduka huku, eti unaleta bahati. Mwanamke mmoja akaiinua ile chupa kwenye mwanga na kuninyooshea kidole. Ndani ya maji yale masafi, ya kunywa kabisa, kulikuwa na viluwiluwi vya mbu vinajikunja na kujikunjua. Akamwaga vyote kwenye sinki, wala hakuniomba ruhusa.

Wifi yangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Serikali nzima inapigana na chupa ya ua!" akasema. "Wangekuja kwetu wangeanza na lipi? Bwawa la ng'ombe?"

Nilicheka naye, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Chini ya jengo letu kulikuwa na mwanamke anauza lichi na ndizi. Aliugua homa wiki chache kabla. Akapata nafuu, nikamwona kwa macho yangu amerudi kibandani, anapanga matunda yake, tukapungiana mikono. Kesho yake banda halikufunguliwa. Sasa hivi pale pale wanauza vioo vya simu.

Basi tukaendelea na kazi. Shahe ni ngazi, vichochoro na marobota ya nguo yaliyorundikwa mpaka darini. Wifi alikuwa anavaa gauni la mikono mifupi, anakaa juu ya robota, anabishana na mabosi kutwa nzima huku akijikuna vifundo vya miguu. Nikimwambia avae suruali ndefu ananiuliza kama nimekuwa shehe. Jioni anaingia kwenye chandarua chake kama malkia, anakichomekea vizuri, na miguu yake tayari ina vipele.

Homa ilimkuta huko huko Shahe, mchana, tunafunga mzigo. Akaacha kubishana katikati ya bei. Akakaa.

"Macho yananiuma kwa nyuma," akasema. "Na mifupa. Malaria yangu imepanda."

Akafungua mkoba, akatoa mseto wake, akaumeza kwa chai ya laobani. Laobani alimtazama paji la uso linavyotoka jasho, akasogeza kiti chake mpaka ukutani, kisha akavaa barakoa. Yeye na wifi walikuwa wanautazama mwili mmoja, lakini kila mmoja aliona ugonjwa wake.

Kwenda hospitali alikataa katakata. "Nikienda na homa wananifungia. Wewe mwenyewe ulinisimulia mwaka wa korona."

Ni kweli nilimsimulia. Mlango wangu uliwekewa king'ora, ukiufungua tu simu inalia kwa watu wa mtaa. Mtu aliyefungiwa hivyo haichukulii homa kama ugonjwa tu. Anaiona kama kosa analotakiwa kulificha. Nawajua watu wa kwetu waliokaa na homa ndani, wamezima taa, wanakoholea kwenye mto. Woga wake niliuelewa vizuri. Lakini na lile banda la matunda nililiona.

"Utakwenda kwa miguu yako au nitakubeba," nikamwambia. "Na mimi nimebeba magunia ya dagaa, wewe si mzito."

"Mdomo kama wa kaka yangu. Ndiyo maana mlioana."

Tukaenda. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, hana muda wa kupoteza. Kipimo cha damu kilisema hakuna malaria, ni homa ya dengue. Akazungumza kwenye simu yake, nayo ikatutafsiria kwa Kiswahili kikavu kama cha mtu anayesoma matangazo ya msiba. Dawa ya kuua ugonjwa huu hakuna. Anywe maji mengi. Kwa maumivu ameze parasetamoli tu, dawa nyingine zinaweza kumvujisha damu. Mbu wasimuume tena, mchana wala usiku, wasije wakawapelekea wengine. Arudi kila asubuhi kupimwa. Halafu simu ikasema: "Homa ikishuka, hapo ndipo kwenye hatari. Tumbo likiuma sana, akitapika, akitoka damu au akilegea, mlete mara moja."

Nikamfanyia daktari ishara arudie. Akarudia, na simu ikarudia. Akanipa kadi ya hospitali.

Nje wifi akaniuliza, "Umesikia maajabu? Homa ikishuka si ndiyo nimepona?"

Sitadanganya, hata mimi neno lile lilinikaa vibaya. Mama yangu alikuwa akitugusa shingo kwa mgongo wa kiganja. Akisema "imeshuka," nyumba nzima inapumua, mtu anakwenda kukoroga uji. Hiyo ndiyo hospitali niliyoijua mimi. Sasa huyu anataka niogope ile saa ambayo mama alikuwa akimshukuru Mungu.

Siku zilizofuata wifi alichemka. Nilimwogesha, nikamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akanitukana kati ya kijiko na kijiko. Asubuhi tulikwenda kupimwa, na kila mara chembe zinazozuia mtu asivuje damu zilikuwa zimepungua. Nilimkuta na vidonge vya diklofenaki ndani ya soksi, alivyotoka navyo nyumbani. Nikavitumbukiza chooni mbele yake.

"Mchawi wewe," akasema. "Unataka nife kwa maumivu?"

"Lala."

Kisha asubuhi moja nikasikia maji bafuni na mtu anaimba pambio. Wifi alitoka akiwa ameoga, amejipaka mafuta, amevaa wigi. Nikamgusa shingo kwa mgongo wa kiganja. Ilikuwa baridi kama chungu cha maji.

"Imeshuka!" akasema. "Si nilikwambia? Mseto umefanya kazi. Leo hospitali siendi tena. Nakwenda Xintang kiwandani kukagua jinzi zangu, laobani wa huko anapakia leo. Nisipozikagua mwenyewe atanipakilia zilizopauka."

Mahali pengine popote ningempigia vigelegele. Badala yake nilijikuta namtazama kama mtu anayetazama ukuta wenye ufa. Alikuwa na vitone vyekundu kwenye ugoko, vidogo kama mtu aliyechomwa na pini. Akasema ni joto. Mswaki wake kwenye sinki ulikuwa na damu. Akasema mswaki wa Kichina ni mgumu. Alipoinama kuvaa viatu akashika tumbo, akakaa hivyo muda. Akasema ni ugali wa jana. Kila kitu kilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu. Kama yule daktari asingeniambia, ningeyameza yote na mimi.

"Turudi hospitali kwanza," nikasema.

"Wifi, acha woga. Umeishi na Wachina mpaka unaogopa chupa ya maji. Mimi nimezaa watoto sita na nimeugua malaria zisizo na idadi. Mwili wangu naujua mimi."

Nimebishana na mabosi wa mji huu nusu ya maisha yangu na ninajua lini maneno yamekwisha. Nikachukua mkoba. "Haya, nakusindikiza."

Chini nikasimamisha teksi. Wifi akaingia nyuma na sampuli yake ya jinzi mapajani. Mimi nikampa dereva ile kadi ya hospitali, nikaweka kidole juu ya anwani. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikaa nikisubiri matusi. Wifi hasomi Kichina, lakini njia ya Xintang anaijua, inapanda barabara ya juu na inakwenda mwendo mrefu mpaka unaona viwanda. Sisi tulikuwa tunazunguka mitaa ya ndani. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, jibu langu liko kwenye ulimi. Yeye ameegemeza kichwa dirishani.

"Wifi," akasema, "mwambie apunguze baridi."

Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Dereva alikuwa amefungua vifungo vya shati na shingo yake inang'aa jasho. Nikamshika wifi mkono. Ulikuwa baridi na umelowa, kama samaki ukimtoa kwenye barafu.

Gari likasimama mbele ya hospitali. Akainua macho, akaliona jengo, akanitazama na mimi. Mwanamke aliyewahi kugombana na askari wa uwanja wa ndege kwa ajili ya kilo za mzigo. Nikangoja.

"Haya," akasema.

Basi. Hiyo "haya" ndiyo iliyonitisha kuliko damu ya mswaki. Nikampigia dereva kelele kwa Kiswahili anisaidie, na alielewa.

Manesi wa huku hawakimbii ovyo, lakini wale walikimbia. Walimtundikia dripu mikono yote miwili. Simu ya daktari ikaniambia, kwa sauti ile ile ya msiba, kwamba maji ya damu yalikuwa yanavuja kutoka kwenye mishipa na kujaa tumboni, na kwamba angekaa njiani muda mrefu asingefika. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki na ile sampuli ya jinzi mapajani. Simu ya wifi ikaita. Alikuwa laobani wa Xintang, anauliza mama yuko wapi, gari la mzigo limefika.

"Leo hakuna mtu," nikamjibu kwa lugha yake, nikakata.

Nilikaa pale mpaka waliponiruhusu kumwona. Alikuwa amevimba uso, ana mirija, wigi limewekwa kwenye mfuko wa plastiki kando ya mto. Akafungua jicho moja.

"Ulinidanganya njia," akasema, sauti kama karatasi.

"Nilikudanganya."

"Mchawi." Akafumba jicho.

Nikatoka nje ya chumba nikalia, na sikuwa nimelia tangu nimzike kaka yake.

Alipona. Siku ya kuruhusiwa daktari akatuita akazungumza kwenye simu yake mara ya mwisho. Simu ikasema: ugonjwa huu una aina zaidi ya moja, na ukimpata mtu mara ya pili kwa aina nyingine unaweza kuwa mkali kuliko wa kwanza. Wifi alikuwa anavaa viatu na kumtania nesi kwa ishara. Nilipomwambia nje akanipiga kibao cha bega.

"Wifi, surua humpata mtu mara mbili? Mwili ukishaujua ugonjwa umeujua. Mimi sasa nimechanjwa na Mungu."

Akarudi Kahama na jinzi zake, nyingine zimepauka. Huko anasimulia kwamba alipatwa na malaria ya Kichina, kali kidogo, na wifi yake akapaniki. Watu wanacheka. Nimesikia kuna wengine wawili wanajiandaa kuja kununua jinzi, wamemuuliza habari ya mbu, na amewaambia wabebe vyandarua, wale wa mchana wasiwape shida.

Leo asubuhi ameniletea ujumbe wa sauti. Tiketi ameshakata, anakuja na mvua. "Safari hii sibebi hata chandarua," anasema. "Ule ugonjwa nishaumaliza."

Nilikuwa namwaga visahani vya maua nilipousikia. Sasa namwaga kila asubuhi, na ile chupa ya bahati niliitupa. Nyumba yangu naweza kuikausha. Shahe siwezi kuimwaga. Kadi ya hospitali ninayo bado, iko kwenye pasipoti yangu, imechakaa pembe.

Nikamjibu: "Njoo na suruali ndefu."

Akanirudishia kicheko, kirefu, cha mtu mzima wa afya. Nikakisikiliza mpaka kikaisha.